Samaki mkunje angali mbichi: Jinsi seli za mtoto wako zinavyokagua protini zake



Kuna kauli moja ambayo mzazi akiambiwa na daktari hurudi nayo nyumbani imemkaa kifuani: "Huu ni ugonjwa wa kurithi." Kabla hajafika hata mlangoni maswali yameshaanza. Mama alikula nini alipokuwa mjamzito? Alimcheka mtu gani? Ukoo wa baba una siri gani? Mmoja atasema ni jicho la mtu, mwingine atasema ni zile dawa alizokuwa akipewa kliniki. Mtoto bado yuko mgongoni, na mama yake tayari yuko kizimbani.

Wiki hii naomba tuingie ndani kabisa, mahali ambapo mengi ya magonjwa hayo huanzia. Tunaingia ndani ya seli, chembe ndogo isiyoonekana kwa macho, tukaone jinsi inavyotengeneza protini, inavyoikunja, inavyoikagua na inavyoitupa ikiwa na kasoro. Ukiifuata safari hiyo utaelewa kwa nini mtoto mmoja huzaliwa na selimundu, mwingine damu yake haipatani na dawa fulani, na mwingine mapafu hujaa makohozi mazito, bila mzazi yeyote kuwa amefanya kosa. Mwishoni nitakupa mambo machache ya kuuliza ukiwa kliniki.

Usiogope majina magumu. Yapo machache, na kila moja nitalieleza.

Uzi wa shanga haufanyi kazi

Tukitaja protini, wengi huona sahani ya maharage, samaki au dagaa. Hiyo ni protini ya chakula. Ikifika tumboni huvunjwavunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Seli huvichukua vipande hivyo na kuvipanga upya, kama mtu anayetunga shanga kwenye uzi, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwenye jeni. Shanga zinazotumika ni za aina 20. Insulini, inayorekebisha sukari ya damu, ina shanga 51. Zipo protini zenye shanga zaidi ya 1,000.

Lakini uzi wa shanga peke yake haufanyi kazi yoyote. Lazima ukunjwe upate umbo lake maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa protini uwezo wa kubeba hewa, kusaga chakula au kufungua mlango wa seli.

Ukitaka kuona umuhimu wa mkunjo, chemsha yai. Ute wa yai ni maji na protini zilizokunjwa vizuri. Joto likizidi, protini hizo hukunjuka, sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani hutoka nje, zikashikana na za jirani, na ute wote ukawa mweupe na mgumu. Hujaongeza kitu wala kupunguza. Shanga ni zilezile na mpangilio ni uleule. Kilichoharibika ni mkunjo tu, na kila mpishi anajua kwamba yai likishachemka halirudi kuwa bichi.

Mwanasayansi wa Marekani, Christian Anfinsen, alilichunguza jambo hili kwa karibu. Alichukua kimeng'enya kutoka kwenye kongosho la ng'ombe, chenye asidi amino 124, akakikunjua kwa kemikali hadi kikaacha kufanya kazi. Alipoziondoa kemikali hizo, kimeng'enya kilijikunja chenyewe na kurudia kazi yake. Maana yake ni kwamba umbo la protini limebebwa ndani ya mpangilio wa shanga zake. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Hata hivyo, kimeng'enya cha Anfinsen kilikuwa peke yake kwenye chombo cha maabara. Ndani ya seli hali ni kama stendi ya mabasi mkesha wa Krismasi. Kila mtu anasukumana, na protini ambayo haijamaliza kujikunja ni rahisi kugusana na nyingine zikanasana.

Walezi wa protini

Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, walikuwa wanazungumza na sisi wazazi. Seli nayo inaifuata kanuni hiyohiyo. Protini nyingi huanza kukunjwa zikiwa bado zinatoka kwenye ribosomu, yaani kiwanda kidogo kinachotunga shanga. Hapo hapo zipo protini nyingine ambazo kazi yake ni kumshika mgeni huyu, kumkinga asiguswe na wapita njia, na kumwachia akishatulia. Katika safu hii tuziite walezi.

Walezi hawa waligunduliwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mtaliano Ferruccio Ritossa alikuwa akichunguza seli za inzi wa matunda. Mwenzake mmoja wa maabara akapandisha joto la chombo walimowekwa. Ritossa alipotazama kwa darubini aliona sehemu fulani za kromosomu zimevimba, dalili kwamba jeni za mahali hapo zimeamshwa ghafla. Aliandika ugunduzi huo mwaka 1962. Baadaye ilijulikana kwamba nyingi ya jeni zile zilikuwa zinaagiza walezi zaidi, kwa sababu joto lilikuwa limeanza kukunjua protini za seli.

Seli za binadamu nazo zina walezi wa aina hiyo, na huongeza idadi yao mwili unapopata joto. Hii haina maana kwamba homa ya mtoto iachwe tu. Homa inahitaji kupimwa na chanzo chake kujulikana, hasa kwetu ambako malaria ipo. Ni kukufahamisha tu kwamba unapomshika mtoto paji la uso usiku, ndani yake pia kuna watu wako macho.

Karakana na alama ya sukari

Takriban theluthi moja ya protini za seli hupitia karakana maalumu. Wanasayansi huiita retikulamu ya endoplazimu, lakini sisi tuiite karakana tu. Hapa hukunjwa protini zinazokwenda nje ya seli au kukaa kwenye ukuta wake, kama insulini, kingamwili za kupigana na maradhi, na milango inayopitisha chumvi na maji.

Utaratibu wa ukaguzi wa karakana hii unashangaza. Protini nyingi zinapoingia hubandikwa kitawi cha sukari chenye vipande 14. Vitatu vya nchani ni glukosi. Viwili hukatwa mapema na kubaki kimoja, na hicho kimoja ndicho tiketi. Mlezi aitwaye kalineksini huishika protini yenye tiketi hiyo ili ijikunje kwa utulivu.

Baada ya muda, mkasi wa karakana hukata ile glukosi ya mwisho na protini huachiwa. Hapo hukutana na mkaguzi. Mkaguzi hutafuta jambo moja kubwa, nalo ni kama kuna sehemu zenye asili ya mafuta zilizobaki nje wakati zilipaswa kufichwa ndani. Asipoziona, protini inaruhusiwa kuendelea na safari. Akiziona, huibandika glukosi upya, na protini inarudishwa kwa mlezi ikajaribu tena. Kazi kubwa ya kumtambua mkaguzi huyu ilifanywa na Armando Parodi wa Argentina na wenzake.

Protini inaweza kurudishwa mara kadhaa, lakini si milele. Wakati hayo yakiendelea, mikasi mingine ya taratibu inapunguza vipande vingine vya kile kitawi cha sukari. Kitawi kikishapungua kiasi fulani, seli inajua kwamba huyu amekaa karakanani muda mrefu na bado hajakunjika. Hatarudishwa tena. Anapelekwa kutupwa.

Tukague sambusa

Kwa wale waliokwisha kuchoka na sukari na mikasi, twende jikoni.

Fikiria dada anayetengeneza sambusa za futari. Ana vipande virefu vya manda. Kila kimoja anakikunja pembe kwa pembe, anatia nyama, anafunga kwa uji wa unga. Kabla ya kuzitia kwenye mafuta anazikagua moja moja. Iliyoachia pembe anaikunja upya. Ikishindikana mara mbili tatu anaiweka pembeni.

Kwa nini anahangaika hivyo? Kwa sababu sambusa moja iliyofunguka haijiharibu yenyewe tu. Nyama humwagika, mafuta huchafuka, na nyingine zote hutoka na vijiungu vyeusi. Protini iliyokunjwa vibaya iko hivyohivyo. Hunasana na wenzake na kufanya bonge linaloziba njia za seli. Mabonge ya protini huonekana pia kwenye ubongo wa wazee wenye maradhi ya kusahau ya Alzheimer, na kwenye ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson.

Sasa angalia jambo moja. Dada huyu anakagua mkunjo. Haonji. Kwa hiyo makosa ya aina mbili yanaweza kutokea. Sambusa iliyosahauliwa chumvi, kama pembe zake zimefunga vizuri, itapita. Na sambusa iliyopinda kidogo, ambayo ingekuwa tamu kabisa, itawekwa pembeni.

Shikilia makosa hayo mawili, tutayakuta tena kwa watoto wetu.

Zinazotupwa huenda wapi?

Seli haitupi ovyo. Protini iliyokataliwa hutolewa nje ya karakana na kubandikwa mnyororo wa kiprotini kidogo kiitwacho yubikwitini, kama vile afisa anavyopiga alama ya X ya kubomolewa ukutani. Kisha huingizwa kwenye pipa liitwalo proteasomu, ambalo huikatakata vipande vidogo. Asidi amino zake hurudi kutumika tena. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua utaratibu huo.

Na taka zikizidi uwezo? Karakana ina king'ora chake. Kikilia, seli hupunguza utengenezaji wa protini mpya, huongeza walezi na kuharakisha utupaji. Kazutoshi Mori wa Japani na Peter Walter wa Marekani walitunukiwa Tuzo ya Lasker mwaka 2014 kwa kulieleza jambo hilo. Ila king'ora kikilia muda mrefu bila nafuu, seli hujiua ili isiwadhuru wenzake.

Mfano wa kusikitisha ni aina mojawapo ya kisukari cha watoto wachanga, ambayo chanzo chake kwenye jeni ya insulini kilielezwa mwaka 2007. Mtoto ana nakala mbili za jeni hiyo, moja nzima na moja yenye kosa. Ungedhani ile nzima ingetosha. Lakini insulini mbovu hukwama karakanani, huziba kazi, na seli za kongosho huchoka hadi kufa. Sambusa mbovu zimeharibu sufuria nzima ya mafuta.

Mkaguzi akiwa mkali kupita kiasi

Sasa tuje kwenye ile sambusa iliyopinda kidogo.

Kuna ugonjwa uitwao sistiki faibrosisi. Mtoto mwenye ugonjwa huu hupata makohozi mazito yanayoziba mapafu, vifua visivyoisha, choo chenye mafuta na harufu kali, na uzito usiopanda hata akila vizuri. Jasho lake lina chumvi nyingi kuliko kawaida, kiasi kwamba mama akimbusu huisikia mdomoni.

Chanzo chake ni protini moja yenye asidi amino 1,480, ambayo hukaa kwenye ukuta wa seli kama mlango wa kupitisha chumvi. Jeni yake ilipatikana mwaka 1989 na watafiti wa Kanada na Marekani, akiwemo Lap-Chee Tsui, John Riordan na Francis Collins. Kosa linaloonekana zaidi duniani, hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ni kukosekana kwa shanga moja tu, ile ya 508. Moja kati ya 1,480.

Kwa kukosa shanga hiyo protini hujikunja polepole na kwa kusuasua. Mkaguzi huikataa, karibu yote huishia kwenye pipa la taka, na ukuta wa seli hubaki bila mlango.

Hapa ndipo penye funzo. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walizikuza seli zenye kosa hilo kwenye ubaridi zaidi ya nyuzi 37 za mwilini. Kwenye ubaridi protini ilijikunja vizuri zaidi, nyingine zikapita ukaguzi, zikafika ukutani, na zikapitisha chumvi. Hazikuwa kamili, lakini zilifanya kazi. Kwa maneno mengine, mtoto anaumwa kwa sababu mwili wake unatupa kitu ambacho kingemsaidia.

Huwezi kumpoza mtoto hadi nyuzi 27. Lakini unaweza kutafuta dawa inayoishika protini hiyo wakati inajikunja, ikapita mbele ya mkaguzi. Dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, na mwaka 2019 ikafuata yenye mchanganyiko wa dawa tatu, ambayo imebadilisha kabisa maisha ya wagonjwa wengi. Mbili kati ya hizo husaidia mkunjo, na ya tatu huufungua mlango ukishafika ukutani.

Tuseme ukweli wote. Bei yake ilipotoka Marekani ilikuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Tena Afrika Kusini, kosa linaloonekana sana kwa wagonjwa Weusi si lile la shanga ya 508. Ni jingine, ambalo huzuia protini nzima isitungwe tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kumsaidia kujikunja. Ugonjwa huu ni nadra kwetu, na kwa kuwa ni nadra ni rahisi kuitwa kifua kikuu, nimonia au utapiamlo mwaka baada ya mwaka.

Sambusa isiyo na chumvi

Selimundu tunaijua sote. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi wenye ugonjwa huu.

Hapa kosa ni la upande wa pili. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba tofauti kati ya himoglobini ya mgonjwa na ya mtu mzima wa afya ni shanga moja tu, ya 6, katika mnyororo wenye shanga 146. Himoglobini ya selimundu hukunjwa vizuri. Walezi hawaoni kasoro. Inabeba hewa kama nyingine. Ila ikishaiachia hewa, ile shanga iliyobadilika hunata kwa jirani yake, na jirani kwa jirani, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ikafanana na mundu.

Ukaguzi haukushindwa. Ulikagua mkunjo, na mkunjo ulikuwa sawa.

Dawa ya haidroksiyurea, inayotumiwa na watoto wengi wenye selimundu, haimgusi mkaguzi. Inauhimiza mwili utengeneze zaidi ile himoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo hainati. Ndiyo maana watoto hawa mara nyingi huwa hawana dalili miezi ya mwanzo, kwa kuwa bado wanaitumia himoglobini ile ya zamani.

Inayopita lakini haidumu

Kuna kosa la tatu, na hili wazazi wengi wanalo nyumbani bila kulijua. Ni upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huikinga chembe nyekundu ya damu isiharibiwe na kemikali kali.

Katika aina iliyoenea Afrika, protini hii hutungwa, hukunjwa na kufanya kazi, lakini si imara. Inachakaa mapema. Kwenye seli nyingine hilo si tatizo kubwa, kwani hutengenezwa mpya. Chembe nyekundu haiwezi. Ikishakomaa haina kiini, haina jeni, haina kiwanda. Inaishi takriban siku 120 kwa akiba iliyotoka nayo kwenye uboho. Chembe changa huwa na kimeng'enya cha kutosha, kongwe huishiwa.

Siku za kawaida mtoto huyu hana shida yoyote. Anacheza, anakua, anasoma. Shida huja akipata maambukizi makali, au akipewa dawa kama primakwini, dapsoni au nitrofurantoini. Chembe kongwe hupasuka kwa pamoja, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano, na mtoto akalegea. Kwa mtoto mchanga, upungufu huu ni sababu mojawapo ya manjano makali yanayoweza kudhuru ubongo yasipotibiwa kwa wakati.

Kuna vitu viwili vya nyumbani vya kuangalia pia. Kimoja ni vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo na mende. Usivihifadhi na nguo za mtoto mchanga. Kingine ni maharage mapana ya fava, ambayo Waarabu huyaita ful. Maharage yetu ya kawaida hayahusiki, kwa hiyo usimnyime mtoto chakula bure.

Basi nani alaumiwe?

Turudi kwenye kizimba tulichoanza nacho.

Kosa la shanga moja halitokani na udongo aliokula mama, wala mtu aliyemcheka, wala sindano za kliniki. Liko kwenye jeni, na mara nyingi limetembea kwenye ukoo vizazi vingi kimyakimya. Selimundu na sistiki faibrosisi huhitaji nakala mbili zenye kosa, moja ya baba na moja ya mama, ambao wenyewe ni wazima. Wote wawili wakiwa wabebaji, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nasisitiza kila ujauzito. Haina maana kwamba ukishapata mmoja, watatu wanaofuata wako salama.

G6PD iko tofauti kidogo. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Hivyo wavulana huathirika zaidi. Lakini baba asishangilie. Mama hakuichagua X hiyo, naye alipewa na wazazi wake, pengine na baba yake.

Hasara kubwa ya lawama ni muda. Wakati ukoo unatafuta mchawi, mtoto hajapimwa.

Ukienda kliniki, kumbuka haya

*Kuhusu manjano.* Mtoto mchanga akiwa wa njano ndani ya saa 24 za kwanza, au umanjano ukifika viganjani na nyayoni, au akiwa halali vizuri, hanyonyi au amelegea, mpeleke hospitali mara moja. Kwa ngozi zetu nyeusi tazama weupe wa macho na ufizi kwenye mwanga wa mchana. Kumwanika juani hakutoshi.

*Kuhusu dawa.* Kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, mwambie daktari kabla mtoto hajaandikiwa kitu, na uulize kama kipimo cha G6PD kinapatikana. Akikutwa nao, andika kwenye kadi ya kliniki kwa kalamu nzito.

*Kuhusu selimundu.* Uliza kama mtoto anaweza kupimwa mapema, hata kabla ya dalili. Anayejulikana mapema huanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi, na mzazi hufundishwa dalili za hatari.

*Kuhusu kisukari.* Mtoto aliye chini ya miezi 6 akikutwa na kisukari, uliza kuhusu kipimo cha vinasaba. Baadhi ya aina za umri huo, tofauti na ile ya insulini iliyokwama, hutibika kwa vidonge badala ya sindano.

*Kuhusu kifua kisichopona.* Kama mtoto ana kikohozi cha kujirudia, choo chenye mafuta, uzito haupandi, na ukimbusu unaonja chumvi, yataje yote manne kwa pamoja. Likitajwa moja moja kila siku tofauti, ni rahisi lisieleweke. Kipimo cha jasho kipo.

Mzazi mwenzangu, usiku huu seli za mwanao zitatunga protini zisizohesabika, zitazikunja, zitazikagua na kuzitupa zenye kasoro, na nyingi mno zitakuwa sawa. Pale ambapo moja imekosea, kazi yetu ni kumpeleka mtoto akapimwe mapema na kumpunguzia mama yake mzigo wa maneno.

Tukutane tena wiki ijayo.